Kabla Kamera Haijawashwa

Mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha wakulima wa kahawa ulifanyika katika ukumbi mmoja hapa Moshi mjini, na ajenda ya tatu ilikuwa kuwaonyesha wanachama video ya kwanza ya chama, ambayo mimi ndiye niliyeisimamia tangu kutafuta mtengenezaji hadi kuipokea. Taa zilizimwa, mapazia yakavutwa, na Mlima Kilimanjaro ukatokea ukutani ukiwa umepigwa kutoka angani. Wanachama walipiga makofi. Kisha akatokea mmoja wa wazee waasisi wa chama, ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya mtambo wa kumenya kahawa, midomo inatembea, mkono unaonyesha vichanja, na kilichojaa ukumbini kikawa mngurumo wa mtambo. Maneno yake yalikuwamo ndani ya mngurumo ule, lakini yalikuwa mbali, kama ya mtu anayeongea ng'ambo ya mto wenye maji mengi. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi safu ya pili, mbele yangu. Aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona sauti yangu siisikii?"

Sikuwa na la kumjibu. Video ile iligharimu shilingi milioni nne na nusu, na kwa chama cha msingi hizo ni fedha zilizotokana na makato ya kilo za kahawa ambazo mtu amezichuma punje kwa punje, akazibeba kichwani hadi mtamboni na kusubiri zipimwe. Kwa siku kadhaa nilimlaumu mtengenezaji, na kwa hakika alikuwa na makosa yake. Lakini nilipofungua jalada na kusoma barua tuliyomwandikia, niliona kwamba video ile ilianza kuharibika ofisini kwetu, wiki nyingi kabla kamera haijawashwa. Tangu wakati huo nimesimamia video nyingine nne, mbili za chama na mbili za taasisi za jamaa walioniomba msaada, moja ikiwa Arusha, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye bosi wake amemwambia, kama nilivyoambiwa mimi, "Tafuta mtu atutengenezee video."

Barua yetu ilikuwa na sentensi moja yenye uzito: "Tunahitaji video nzuri, ya kisasa, ya dakika kumi, inayoonyesha shughuli zote za chama." Nimeisoma mara nyingi, na kila neno lake lina kasoro. Neno "nzuri" halimwambii mpiga picha chochote anachoweza kukifanya asubuhi akifika shambani. Neno "ya kisasa" yeye alilielewa kuwa ni maandishi yanayoruka na kuzunguka. "Shughuli zote" ndilo lililotumaliza kabisa, kwa sababu kila mjumbe wa bodi alitaka idara yake ionekane: mikopo ya pembejeo, kitalu cha miche, ghala, ofisi mpya, hata pikipiki za maafisa ugani. Hatukumwambia mtengenezaji video hiyo ataitazama nani. Sisi wenyewe hatukuwa tumeulizana.

Swali la nani ataitazama ndilo la kwanza, na linapaswa kujibiwa kwa kumtaja mtazamaji wa aina moja tu. Tulipotengeneza video ya pili tulikaa nusu siku nzima tukibishana, kisha tukakubaliana kwamba itakuwa ya wanunuzi wa kahawa, wale wanaoonja kikombe na kutaka kujua kahawa hiyo imepitia mikono ya nani. Mara uamuzi huo ulipofanyika, mambo mengi yalijipanga yenyewe. Mnunuzi hana haja ya kuona ofisi mpya wala pikipiki. Anataka kuona kama kahawa inachumwa ikiwa nyekundu tupu au imechanganywa na mbichi, kama inamenywa siku ileile iliyochumwa, inavundikwa kwa muda gani, inaoshwa kwa maji gani, na nani anayepita kwenye vichanja kuigeuza na kuondoa punje mbovu wakati jua likiwa kali. Wajumbe ambao idara zao hazikuingia walinung'unika, na mwenyekiti aliwaambia kwamba zamu yao itafika katika video nyingine yenye watazamaji wengine. Sijaona njia nyingine iliyo ya haki zaidi ya hiyo.

Suala la urefu nalo lina kipimo chake, na ninashangaa kwamba nilikichelewa. Chukua saa ya simu, soma kwa sauti ya utulivu, na uhesabu maneno. Mimi nilipojipima nilifikisha maneno 110 kwa dakika. Maelezo ambayo bodi ilikuwa imeyapitisha kwa video ya kwanza yalikuwa na maneno 2,300, maana yake ni dakika 21 za mtu anayesoma bila kunyamaza hata mara moja, na sisi tulikuwa tumeagiza dakika kumi. Mtengenezaji alifanya nini? Alimharakisha msomaji, akaziba kila mwanya ambao picha ingepumua, na bado akakata sehemu alizoona yeye kuwa hazina maana, ikiwamo ile iliyoeleza bei anayolipwa mkulima. Siku hizi sipeleki maelezo yoyote kwa mtengenezaji kabla sijayasoma kwa sauti nikiwa na saa mkononi, na kwa video ya dakika tatu sivuki maneno 250, ili ibaki nafasi ya picha na ya sauti za watu wenyewe.

Katika kumchagua mtengenezaji, wengi wetu huonyeshwa kipande cha dakika moja chenye muziki mkubwa na picha zilizoteuliwa kutoka kazi za miaka mitano. Kipande hicho kinathibitisha kwamba mtu huyo ana kamera nzuri na ameshawahi kupata siku nzuri. Omba video nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, na iwe ya kazi inayofanana na yako. Ukanda wetu huu una wapiga picha hodari sana, hasa Arusha, kwa sababu kampuni za utalii zimewalea: wanaijua Serengeti, wanajua kumsubiri chui kwa saa tatu, wanajua ni saa ngapi Mlima Meru unapendeza. Hata hivyo, kumpiga picha mnyama na kumfanya bibi wa miaka sabini aongee mbele ya kamera kama anavyoongea jikoni kwake ni stadi mbili tofauti. Niliyemchagua mara ya kwanza alikuwa bingwa wa stadi ya kwanza. Nikipewa video ya mfano sasa, kwanza naisikiliza nikiwa nimefumba macho, kwa spika za masikioni, kisha ndipo naitazama. Naangalia pia kama watu wanaohojiwa wanaongea au wanasoma, kwani macho ya anayesoma karatasi iliyobandikwa pembeni ya kamera hayafichiki.

Muulize pia ni nani hasa atakayekuja. Kuna ofisi ambazo mnayezungumza naye, anayekuonyesha kazi na kunywa nanyi chai, si yule atakayefika shambani, na siku ya kazi mnaletewa kijana mwingine ambaye hajaambiwa lolote. Mtaje mtu huyo kwa jina kwenye mkataba.

Kuhusu bei, omba mchanganuo. Siku ngapi za kupiga picha, watu wangapi, vifaa gani, usafiri na malazi, siku ngapi za kuhariri, marekebisho mara ngapi, muziki, manukuu ya chini kwa lugha gani, na kama VAT imo ndani au iko nje. Tulipopata nukuu tatu za bei zilizochanganuliwa tuliona kwa mara ya kwanza kwa nini moja ilikuwa nusu ya nyingine: mwenye bei ndogo alikuwa amepanga kuja peke yake. Mtu mmoja atashika kamera, atauliza maswali, ataangalia mwanga na atasikiliza sauti kwa wakati mmoja, na katika hayo manne la kwanza kuachwa huwa ni sauti. Fedha zikiwa chache, ushauri wangu ni kupunguza dakika za video na siku za kazi, lakini usimpunguze mtu wa sauti.

Hapo ndipo ninataka nikae kidogo, kwa sababu naamini watu husamehe picha yenye dosari lakini hawavumilii kusikiliza kitu wasichokielewa. Maikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera husikia kila kilichopo kwa usawa, na kama kamera iko mita tatu kutoka kwa msemaji huku mtambo ukiwa mita nne nyuma yake, mtambo ndio utakaoshinda. Ndiyo maana hutumika kimaiki kidogo kinachobanwa kifuani, kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu, au maikrofoni ndefu inayoshikiliwa juu ya msemaji na mtu mwingine, nje ya picha. Siku ile ya video ya kwanza kimaiki kilikuwepo kwenye begi. Betri yake ilikuwa imeisha, na ya akiba haikuwepo. Nilimwuliza mpiga picha kama mtambo hautasumbua, naye akanijibu kwa upole kabisa, "Usijali dada, hiyo tutaisafisha kwenye kuediti." Nilimwamini, kwa kuwa sikuwa na elimu ya kumpinga. Mngurumo wa mtambo na sauti ya mzee hukaa mle mle, na ukiukata mmoja unakata na mwingine. Programu za siku hizi zimeendelea sana, lakini sauti zinazosafishwa kwa nguvu hubaki na mlio wa bati, na mtu mzima mwenye heshima zake hapaswi kusikika hivyo mbele ya wanachama wake.

Sasa ninafanya mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji utaalamu. Kwanza, ninakwenda mahali pa kupigia picha saa ileile ambayo kazi itafanyika, ninasimama pale ambapo msemaji atakaa, na ninanyamaza dakika tano nikisikiliza. Mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo hawezi kuamini mambo yaliyopo: bodaboda zinazopanda kilima, jenereta ya jirani, jogoo asiyejali saa, watoto wanaotoka shule, upepo kwenye migomba, ambayo majani yake makavu yana kelele kuliko mtu anavyodhani. Paa la bati mvua ikinyesha ni mwisho wa mahojiano. Pili, ninamtaka mtu mmoja avae spika za masikioni muda wote msemaji anapoongea, na mtu huyo awe na mamlaka ya kusema "tusimame" hata kama anayehojiwa ni mwenyekiti. Tatu, baada ya jibu la kwanza tu, ninaomba nisikilizishwe kilichorekodiwa. Inachukua dakika mbili. Mpiga picha mzuri hafadhaiki kuombwa hivyo. Na kabla hatujaondoka mahali, tunanyamaza wote nusu dakika, mtu wa sauti arekodi ukimya wa mahali hapo, kwa kuwa mhariri atauhitaji ukimya huo kuunganishia sentensi.

Kuhusu mtambo wenyewe, suluhisho lilikuwa jepesi kiasi kwamba lilinihuzunisha nilipoligundua. Mtambo una saa za kufanya kazi na saa za kupumzika. Mzee angehojiwa asubuhi kabla haujawashwa, na picha za mtambo ukifanya kazi zingepigwa mchana kahawa ilipofika. Mhariri angeziweka pamoja, sauti ya mzee juu na mngurumo kidogo chini yake. Kilichohitajika ni mtu wa chama kumwambia mtengenezaji ratiba ya mtambo, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Majira nayo yana amri yake. Anayetaka kuonyesha kahawa nyekundu mtini katika mteremko huu wa mlima asiagize kazi mwezi wa Machi. Uchumaji kwetu huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi karibu na mwisho wake, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta matope yanayozuia magari huko juu. Lakini miezi ileile ya Juni na Julai ambayo kahawa huanza kuiva, mji wa Moshi huweza kushinda siku nzima chini ya wingu, na mlima usionekane. Mtengenezaji anayetoka mbali akiahidi kilele cha Kibo mchana wa saa saba, ajue kwamba mlima huu kwa kawaida hujifunua alfajiri na jioni, kisha hujifunika. Tulichofanya katika video ya pili ni kuweka siku moja ya akiba kwenye bajeti, tukaiandika waziwazi kuwa ni ya hali ya hewa. Ilitumika. Mvua ilinyesha siku ya pili ya kazi, na kama tusingekuwa na siku ile tungelazimika kupiga picha za vichanja vikiwa vimefunikwa kwa plastiki.

Kuna jambo dogo la umeme ambalo ningependa kila afisa mawasiliano alijue. Umeme wa kwetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za tyubu, na baadhi ya hizi za LED za bei nafuu, hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera iliyopangwa kwa mazingira ya Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, huweza kuuona mpepeso huo, na picha za ofisini zikawa na mistari inayotambaa ukutani. Dawa ni mpiga picha kupanga kamera yake kwa picha 25 kwa sekunde na kuweka shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia kwa kila picha, kwenye moja ya 50 au moja ya 100 ya sekunde. Mteja hana haja ya kuigusa kamera. Inatosha aombe kutazama picha ya majaribio iliyopigwa chini ya taa zilezile za ofisi yake, kwenye skrini kubwa kidogo.

Watu wanaohojiwa wanastahili maandalizi kuliko vifaa. Mama mmoja mkulima wa Kibosho, ambaye nilimfahamu kuwa msemaji mzuri kwenye mikutano, tulimpa karatasi yenye sentensi nne aikariri. Alijaribu mara kumi na moja. Kila mara alipokosea alituomba radhi, na mimi niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso huku watoto wake wakimtazama. Hatimaye alisema sentensi zile zote nne bila kosa, na hazikuwa na uhai hata kidogo. Mara ya pili hatukumpa karatasi. Mtu wa kwetu anayemfahamu alikaa kando ya kamera, akamwamkia, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akamwomba amweleze jinsi anavyotambua punje isiyofaa. Mama aliinama, akachota kahawa kwenye kichanja, akaitandaza kiganjani, akaanza kuzitenga kwa kidole gumba, moja iliyotobolewa na mdudu, moja iliyovunjika, moja nyeusi, akizieleza kila moja kama anayemfundisha binti yake. Alitumia neno moja la Kichaga kwa ile iliyotobolewa. Mhariri alitaka kulikata. Nilimwomba alibakize na kuliandikia maana chini. Wanunuzi wawili walituandikia baadaye, na wote wawili walikitaja kiganja kile.

Ridhaa iandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura na sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa zake. Fomu iwe ya Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, ieleze video itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu wake anayemwamini. Kwa mtoto, aombwe mzazi au mlezi. Nimeona taasisi zikiwapiga picha wagonjwa na wanafunzi kana kwamba wao ni sehemu ya jengo, na jambo hilo linaniumiza.

Vibali sitavieleza kwa kirefu. Droni inahitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo ya kuanzia. Ndani ya hifadhi za taifa TANAPA wana masharti na tozo zao za kupiga picha. Na Bodi ya Filamu Tanzania nayo ina utaratibu wake wa vibali. Mtake mtengenezaji akuonyeshe vibali vyenyewe, vikiwa na tarehe, kabla ya siku ya kazi. Neno "tumezoea kupiga pale" si kibali.

Baada ya kupiga picha huja hatua ambapo, kwa maoni yangu, taasisi nyingi huiharibu kazi iliyokuwa imeanza vizuri. Rasimu ya kwanza hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe, kila mmoja anaitazama kwenye simu yake akiwa safarini, na maoni yanaanza kumiminika: huyu anataka muziki ubadilishwe, yule anataka jina lake liongezwe, mwingine anasema "iboreshwe zaidi" bila kutaja wapi. Mhariri anapokea maelekezo yanayopingana kutoka kwa watu tisa na anafuata la yule mwenye cheo kikubwa. Sisi sasa tunakaa pamoja ukumbini mara moja, tunaitazama rasimu mara mbili bila kusimamisha, kisha mara ya tatu tukisimamisha, na mtu mmoja anaandika kila oni pamoja na dakika na sekunde yake. Kwa mfano: "1:42, cheo ni Katibu Meneja, si Meneja." Tunatofautisha kosa na pendekezo. Makosa yote yanarekebishwa. Mapendekezo yanajadiliwa na mwenyekiti anayafunga. Orodha moja inakwenda kwa mtengenezaji, ikiwa na sahihi moja. Mkataba unataja raundi mbili za marekebisho, na kwa utaratibu huo zinatosha.

Hapohapo tunahakiki majina ya watu, vyeo, majina ya vijiji na takwimu zote zinazotajwa. Manukuu ya Kiingereza tunampa mtu mwingine ayasome, si yule aliyeyatafsiri. Kisha tunaijaribu video kwa spika ndogo ya simu ya kawaida, na baadaye kwa projekta na spika za ukumbi, kwa kuwa muziki unaosikika kwa staha kwenye kompyuta ya mhariri huweza kuyameza maneno ukumbini.

Mkataba ndio mahali pa kulindia haya yote, na mambo mawili ndani yake huachwa mara kwa mara. La kwanza ni malipo kufuata hatua za kazi: sehemu wakati wa kusaini, sehemu baada ya kupiga picha na kusikiliza sauti, sehemu rasimu ikikubaliwa, na iliyobaki baada ya kukabidhiwa kila kitu pamoja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Sisi mara ya kwanza tulilipa asilimia 80 kabla ya kuona picha hata moja, na tulipolalamika hatukuwa na cha kushikilia. La pili ni picha ghafi, yaani zote zilizopigwa kabla ya kuhaririwa. Miaka miwili baada ya video ile ya kwanza, mzee wetu mwasisi alifariki dunia. Familia yake iliniuliza kama kuna picha zake zaidi, kwa sababu siku ile alikuwa ameongea karibu saa nzima kuhusu miaka ya mwanzo ya chama, na katika video alikuwa na sekunde 40. Nilimpigia simu mtengenezaji. Aliniambia kwamba kadi zile zilishafutwa na kutumiwa katika kazi nyingine, na kwa mujibu wa mkataba wetu hakuwa amekosea, kwani mkataba haukusema neno lolote juu yake.

Kwa hiyo mikataba yetu sasa inasema kwamba picha na sauti zote ghafi zitakabidhiwa kwa chama katika disku mbili tofauti ndani ya siku 14, kwamba chama ndicho chenye haki ya kuzitumia na kuzihariri upya, na kwamba mtengenezaji anaweza kuonyesha video iliyokamilika kama mfano wa kazi yake. Disku moja inakaa ofisini, nyingine inakaa kwa mweka hazina, nyumba tofauti. Muziki nao uwe na leseni ya maandishi, au utungwe na mwanamuziki wa hapa kwa mkataba wake, kwa kuwa hakimiliki ya wimbo haiishi kwa sababu wimbo unapatikana intaneti. Na tunapokea nakala zaidi ya moja: ya ubora wa juu kwa ajili ya kuhifadhi, ya kawaida kwa ajili ya kutuma, isiyo na maandishi kwa matumizi ya baadaye, na ya kusimama wima kwa ajili ya simu, ambayo lazima iwe imepangwa tangu siku ya kupiga picha, maana ukikata kingo za picha pana unampoteza mtu au unapoteza alichoshika.

Wiki hii tumepokea nukuu tatu za video ya msimu ujao, itakayowahusu vijana waliorudi kulima kahawa. Mmoja wa walioomba kazi ni binti wa hapa Moshi ambaye alinitumia mahojiano mazima ya dakika 25 na fundi seremala, bila muziki wowote, na nilisikia randa ikipita juu ya mbao na kila neno la fundi yule. Alhamisi tunapanda naye Kibosho, mtambo ukiwa umewashwa, tukasimame pale na kusikiliza.